Yah: Ombi la Makohozi

Kosa lilianzia kanisani. Lilikuwa kosa la Mwalimu Josia, ingawa mpaka leo anasema yeye alisoma kilichoandikwa. Josia ni katekista wetu. Jumapili moja mwaka jana, baada ya matangazo ya ndoa, alishika karatasi mbali na uso kwa sababu miwani yake aliikalia siku ya Pasaka, akasoma: Jumamosi saa nne asubuhi kutakuwa na semina ya uchechemuzi, mwezeshaji anatoka Bariadi, chai ipo.

Sasa sisi Wasukuma Kiswahili tumekikuta shuleni. Nyumbani hatukitumii hata kumfukuzia mbwa. Uchechemuzi hatukuwahi kulisikia, ila kuchechemea tunakujua vizuri. Mzee Thomasi, ambaye mguu wake wa kulia ulivunjwa na dume la ng'ombe, alisimama palepale akauliza kama semina ni ya miguu mizima au ya magoti tu. Josia akaikagua karatasi pande zote mbili. Akasema haijafafanuliwa.

Jumamosi tulifika watu kumi na saba, wote wabovu wa miguu. Mimi mwenyewe, Nyanjige, goti langu la kushoto liligongwa na plau mwaka ule mvua ilipochelewa, na tangu hapo nikitembea naonekana kama ninayetafuta kitu nilichoangusha. Mama mmoja aliletwa kwa baiskeli kutoka kijiji cha pili. Fimbo zilikuwa nyingi mlangoni mpaka mtu akitaka kuingia lazima aombe njia.

Mwezeshaji alikuwa binti anaitwa Violeth. Alibandika karatasi kubwa ukutani, akageuka kutusalimia, akaziona zile fimbo. Akauliza kwa upole kama kuna ugonjwa wa miguu umepita hapa.

"Si ndiyo semina yenyewe?" Mzee Thomasi akasema. "Sisi ndio wanaochechemea."

Yule binti hakucheka, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Alikaa kwenye benchi kidogo, akanywa maji, akaeleza. Uchechemuzi, alisema, ni kumsemesha mwenye madaraka mpaka atende. Humsemeshi mara moja. Mara ya kwanza atakwambia amekusikia, na mara ya tano ndipo atakaposikia kweli.

"Na miguu lini?" akauliza Thomasi.

"Miguu haimo, babu."

Wengine walitaka kuondoka, lakini chai tulikuwa tumeshakunywa, na maandazi tumekula, na kwetu huwezi kunywa chai ya mtu halafu ukamwachia viti. Basi tukakaa. Hivyo ndivyo kikundi chetu kilivyoanza. Kwenye fomu kinaitwa Kikundi cha Uchechemuzi. Kijijini wanatuita Vilema wa Violeth, na ukituona tukitoka mkutanoni huwezi kuwalaumu.

Violeth alitufundisha kwamba barua nzuri ina vitu vitatu: tatizo, hadithi ya mtu mmoja, na ombi moja. Ombi moja tu. Hapo tuligombana hadi mchana. Mmoja alitaka kisima, mwingine bei ya pamba, Thomasi alitaka fisi wauawe. Mimi nilisema pikipiki ya makohozi, nikasema kwa sauti kubwa kuliko wote, na nina sauti.

Hiyo pikipiki ilikuwa inapita kwenye zahanati yetu kila Jumanne na Ijumaa. Inakusanya vikopo vya makohozi vya watu wanaokohoa, inavipeleka Bariadi kwenye mashine ya kupima kifua kikuu, na siku mbili tatu majibu yanaingia kwenye simu ya Benedikta, muuguzi wetu. Kisha nchi moja ya mbali iliyokuwa inalipia mafuta ikabadilisha mawazo. Sisi hatukuambiwa. Jumanne pikipiki haikuja, Ijumaa haikuja, na Benedikta alikaa na vikopo kumi na viwili kwenye kisanduku cha barafu mpaka barafu ikawa maji. Tangu siku hiyo, mwenye kukohoa anaambiwa ajipeleke Bariadi mwenyewe. Ukiwa mzima Bariadi si mbali, lakini jaribu kwenda huku unakohoa.

Watu walidhani nalilia pikipiki kwa ajili ya jamii. Jamii nayo naipenda, lakini nilikuwa namlilia mume wangu.

Mume wangu ni Mashimba. Miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa chama cha msingi cha pamba, na ukarani haujamtoka. Anachomekea shati hata akienda kuangalia ng'ombe. Tangu mwezi wa nne alikuwa anakohoa. Alianza kidogo, kama mtu anayetaka kuzungumza kwenye mkutano, halafu ikawa mkutano wenyewe. Mkanda wake nikaanza kuutoboa matundu mapya. Shuka nafua mimi, kwa hiyo damu niliiona mimi. Nikamwambia, Baba Kija, twende Bariadi.

"Siumwi," akasema. "Koo limekauka."

"Limekauka wiki sita?"

"Kuna kiangazi."

Ilikuwa inanyesha. Nilimwita hadi mlangoni nikamwonyesha mvua. Akasema hiyo ni ya kupita.

Mwanamume wa kwetu akipanda basi kwenda hospitali, basi zima linajua anaumwa, na kabla hajafika Bariadi kijiji kimeshamaliza kumgawia magonjwa. Wengine watampa Ukimwi, wengine watasema amelogwa, shemeji zake watampeleka kwa mganga. Hilo Mashimba hakulitaka. Lakini siku moja, baada ya kumsumbua sana, alisema neno ambalo nililishika kwa mikono miwili: "Pikipiki ingekuwepo ningetema. Kutema si kuumwa." Basi! Kuanzia hapo mimi nilitaka pikipiki.

Hadithi ya mtu mmoja tukaiandika bila jina. Barua ya kwanza aliiandika Mzee Thomasi kwa ajili ya mheshimiwa mbunge mmoja wa ng'ambo, kwenye nchi ambazo Violeth alisema zitakaa mkutano kuamua zitachangia nini kwa kifua kikuu, malaria na Ukimwi duniani. Barua ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa mmoja na nusu ulikuwa salamu. Alimuuliza mheshimiwa ameamkaje, watoto wameamkaje, ng'ombe wake wanaendeleaje na mvua ya kwao imeanza au bado. Makohozi yalikuja chini kabisa, karibu na jina.

"Babu, hawa hawafugi," akasema Violeth.

"Hata mbuzi?"

"Hata mbuzi."

Thomasi akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Akauliza, sasa watu wasio na mbuzi watatusaidiaje? Violeth akamweleza kwamba huko ng'ambo nako kuna vikundi kama chetu. Walimu waliostaafu, mama mwoka mikate, kijana wa benki, wanakutana sebuleni kwa mtu mara moja kwa mwezi wanawaandikia wabunge wao juu ya magonjwa ya watu ambao hawajawahi kuwaona. Takwimu wanazo tele. Wanachokosa ni hadithi.

"Kumbe na wao wanachechemea," akasema Thomasi, na kuanzia siku ile aliandika kwa moyo.

Tuliandika barua arobaini na moja. Violeth alizitafsiri, akazituma kwa hao wa sebuleni, nao wakazibeba mpaka kwa wabunge wao. Kisha tukangoja. Tulivuna pamba, tukaichambua, tukaijaza kwenye magunia, tukangoja. Mashimba alikohoa. Mwezi wa nane jibu likaja: mbunge mmoja, mama, anaitwa Elizabeth, anakuja Tanzania kwa shughuli nyingine na angependa kutuona sisi wenyewe kwa dakika arobaini.

Hapa lazima niwaeleze jambo wale msiotoka kwetu. Msukuma akikuuliza "Mhola?" anakuuliza kama kuna amani. Na wewe unajibu "Mhola." Hakuna jibu lingine. Nyumba yako inaungua, unajibu mhola, halafu ndipo unamwambia alete maji. Umefiwa na mama, mtu anafika msibani, mhola? Mhola duhu, yaani amani tu. Ndipo mnakaa chini mnalia. Kuanza na shida kabla ya mhola ni utovu wa adabu, kama kumpokea mgeni ukiwa hujavaa. Hatuoni tatizo. Kila mtu anajua kwamba habari yenyewe inakuja baadaye.

Mheshimiwa Elizabeth hakuwa anajua.

Walifika wakiwa wamechelewa, walipotea njia baada ya Lagangabilili. Mama mrefu, kofia ya majani, viatu vya kutembelea porini ingawa tulikuwa tumefagia. Mkalimani wake alikuwa Fredrick, kijana wa Bariadi mjini. Sisi tumekaa kwenye mabenchi ya shule nje ya zahanati, na kwenye benchi la mbele, katikati, nani yuko? Mashimba, na koti lake la mikutano ya chama. Sikumwalika mimi. Alisema wageni wa serikali lazima wapokelewe na mtu anayejua taratibu.

Kumbe njiani mheshimiwa alikuwa ameomba afundishwe salamu ya kwetu, na Fredrick, bila ubaya wowote, akamfundisha. Akasimama mbele yetu, akavua kofia, akasema, "Mhola?"

Lo! Watu walifurahi. Mzungu anasema mhola! Kijiji kizima kikaitikia kwa sauti moja, "Mhoolaaa!" Mama wengine wakapiga vigelegele. Mheshimiwa akatabasamu, akaandika kitu kwenye daftari. Halafu akamgeukia mtu aliyeonekana mkubwa kuliko wote, mwenye koti, akamuuliza kupitia kwa Fredrick: afya za watu hapa zikoje?

Mashimba akasimama. Akafunga kifungo cha koti. Nilimwona anabana pumzi ili asikohoe.

"Mhola duhu," akasema.

Fredrick akatafsiri. Mheshimiwa akaandika neno moja. Mimi Kiingereza sijui, lakini neno moja nalijua urefu wake. Akauliza tena, na huduma za zahanati? Mashimba akasema mhola, tunashukuru. Na hili tatizo la usafiri wa sampuli? Mashimba akafikiri kidogo kama karani, akasema wahusika wanalishughulikia. Kisha akakaa, ameridhika, amefanya kila kitu kwa utaratibu.

Wenzangu wote wamenyoosha shingo. Wanangoja. Kwa akili zetu salamu ndiyo kwanza imeisha na sasa mambo yanaanza. Lakini yule mama alikuwa anafunga daftari. Fredrick alikuwa anaangalia saa. Mheshimiwa akaanza kutushukuru kwa ukarimu wetu, akasema amefurahi sana kuona jamii yenye amani na afya, na Violeth akanitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake, macho ya mtu anayeona gunia lake la mahindi linaanguka mtoni.

Niliinuka. Goti likalia ko.

"Fredrick," nikasema, "mwambie mama afungue daftari."

"Mayu, mama yangu, muda umekwisha..."

"Mwambie afungue! Amekuja na ndege kuandika mhola? Mhola ni salamu. Habari ndiyo naisema sasa." Nikamnyooshea kidole mume wangu, mbele ya shemeji zangu, mbele ya katekista, mbele ya watu aliowapimia pamba miaka ishirini na miwili. "Huyu ni mume wangu. Anaitwa Mashimba. Anakohoa tangu mwezi wa nne. Shuka zake nafua mimi, na zina damu. Amekwisha, hilo koti limebeba hewa. Pikipiki iliyokuwa inapeleka makohozi Bariadi mliiondoa ninyi, na yeye kwenda mwenyewe hataki, anaona aibu. Atakufa na aibu yake na koti lake. Wako wengine kumi na mmoja kama yeye hapa, Benedikta anao kwenye kitabu. Tunaomba pikipiki. Jumanne na Ijumaa. Basi."

Fredrick alitafsiri polepole, na sauti ilimpungua katikati. Mheshimiwa aliandika kurasa mbili. Mashimba hakunitazama. Alifungua kifungo cha koti, akasimama, akaondoka peke yake kupita katikati ya mabenchi, na alipofika kwenye uzio wa zahanati kikohozi kikamshika akainama pale watu wote wakimwona. Nilitaka kumfuata. Sikumfuata. Bado nilikuwa sijamaliza hasira, na pia nilikuwa naona haya, na mtu hawezi kubeba vyote viwili na kutembea kwa goti moja.

Siku ileile alihamishia kitanda kwenye ghala letu, linalotazamana na zahanati, juu ya magunia ya pamba. Mimi hakunisemesha tena. Alikuwa anamsemesha mbuzi. Anakuja jikoni, anamwangalia mbuzi aliyefungwa pale nje, anasema: "Mbuzi, mwambie mama huyo chumvi leo haikutosha." Nami namjibu mbuzi: "Mwambie baba huyo chumvi iko mezani." Yule mbuzi alichoka kuliko sisi.

Wiki ya saba Violeth alikuja mbio na simu mkononi. Nchi zile zimekutana. Zimetoa pungufu kuliko zilivyoombwa na zaidi kuliko ilivyohofiwa, ndivyo alivyosema, na kwa furaha ile nikajua kwamba katika kazi yake hiyo ni sherehe. Kisha akatuchezea hotuba. Mheshimiwa Elizabeth amesimama bungeni kwao, watu wamevaa suti, na katikati ya maneno ambayo sikuyaelewa nikasikia neno moja nikalielewa: Mashimba. Akalitaja mara tatu. Alilivuta kidogo, Mashiiimba, lakini ni yeye.

Mzee Thomasi akavua kofia. Alisema hakuna mtu wa kijiji chetu, tangu kijiji kiwepo, aliyewahi kutajwa kwenye bunge la ng'ambo. Nikaenda kumwambia mbuzi. Mbuzi na Mashimba wote wakaendelea kutafuna.

Jumanne iliyofuata, saa tano asubuhi, pikipiki ikaja.

Dereva anaitwa Elia, kisanduku cha bluu nyuma, barafu mpya. Wanawake wakalia. Benedikta alikuwa amegawa vikopo tangu jana yake, na watu waliotawanyika nyuma ya zahanati kwenye upepo wakawa wanakohoa kwa bidii kama wanaimba kwaya. Vikopo kumi na kimoja vikaingia kwenye kisanduku. Cha kumi na mbili kilibaki mezani, kimeandikwa jina, kitupu.

Nikaenda ghalani. Mashimba alikuwa amekaa kwenye gunia, shati limechomekewa.

"Baba Kija, pikipiki imekuja."

Hakukuwa na mbuzi pale, kwa hiyo akauambia ukuta. "Pikipiki imekuja kwa ajili ya wagonjwa. Wagonjwa na wateme."

"Ulisema kutema si kuumwa."

"Nilisema kabla sijatangazwa."

Nikambembeleza, nikamfokea, nikambembeleza tena. Benedikta akaja, akashindwa. Josia akaja na Biblia, akashindwa. Elia akasema saa nane anaondoka, maana mashine ya Bariadi haingoji mtu, na atarudi Ijumaa. Lakini mimi nilikuwa nimezifua zile shuka Jumatatu, na niliyoyaona Jumatatu hayakuwa ya kungoja Ijumaa. Nikakaa kwenye ngazi ya zahanati nikajionea huruma. Bunge la watu ninaotenganishwa nao na bahari nimelisemesha likasikia. Mwanamume niliyezaa naye watoto watano yuko hatua thelathini, amekaa kwenye pamba, na sina la kumwambia.

Hapo nikakumbuka nimeolewa na nani. Yule ni karani. Mtu anaweza kumpigia kelele mwaka mzima asigeuke, lakini ukimwekea karatasi mkononi atatafuta kalamu. Hata barua ya kampuni ya mbegu iliyotumwa kwa kila mkulima nchi nzima aliijibu, na akaweka nakala.

Nikaomba daftari kwa Benedikta, nikachana karatasi katikati. Nikaandika saa nzima. Niwasomee, maana nakala ninayo:

*Kwa: Bw. Mashimba, Ghalani. Kutoka: Nyanjige, Jikoni.*

*Yah: Ombi la makohozi.*

*Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Tatizo ni kwamba unakohoa na mimi nilikutangaza. La pili nimelikosea na naliombea radhi. Sikupaswa kusema habari za shuka mbele ya kaka zako.*

*Hadithi ni kwamba nilimwambia yule mama nataka pikipiki kwa sababu ya watu kumi na wawili. Si kweli. Ni mmoja. Tangu mwezi wa nne ukichelewa kuamka nasimama mlangoni nasikiliza kama unapumua, na ukikohoa nafurahi, kwa sababu basi upo. Mtu gani anafurahia kikohozi? Naogopa, Baba Kija. Katika miaka thelathini na moja sijawahi kukuandikia wala kukutamkia neno hilo. Nimekuwa nikikufokea badala yake.*

*Ombi ni kikopo kimoja, kabla ya saa nane.*

*Nakutakia kazi njema. Wako katika ujenzi wa taifa, Nyanjige.*

Niliipenyeza chini ya mlango wa ghala nikakaa nje. Nikasikia karatasi inaokotwa. Nikasikia kikohozi. Kisha nikasikia kitu kinagonga kwenye gunia, du, na nikashangaa, mpaka nilipotambua ni mhuri. Alikuwa ameondoka nao chama kilipomstaafisha. Barua yangu imepigwa mhuri wa Imepokelewa.

Elia akawasha pikipiki, akaizima tena Benedikta alipomtolea macho. Ilikuwa saa nane kasoro kidogo wakati karatasi ilipotoka chini ya mlango, imekunjwa mara tatu kama inavyotakiwa. Mwandiko wake ulikuwa unatetemeka lakini mistari imenyooka.

*Kwa: Bi. Nyanjige. Yah: Jibu la ombi lako la leo.*

*Barua yako imepokelewa na yaliyomo yameeleweka. Na mimi naogopa.*

*Ombi limekubaliwa kwa sharti moja, kwamba mwombaji naye atoe kikopo chake leo hii hii. Tangu tulipomaliza kuvuna namsikia anakwenda kukohoa nyuma ya zizi ili nisisikie. Mimi nikikohoa nyumba nzima inajua. Yeye anadhani ghalani hakuna masikio.*

*Nakala: Muuguzi, Zahanati.*

Nilisoma nikiwa nimesimama, halafu nikasoma nikiwa nimekaa. Na ninyi sikuwaambia, najua. Nilisema ni vumbi la pamba. Nilimwambia Benedikta ni moshi wa kuni. Violeth aliponiuliza mbona nimekonda nilimjibu mhola, tena nikacheka.

Benedikta aliisoma nakala yake begani kwangu. Alikwenda ndani akarudi na kikopo kipya, na kalamu, akaniuliza niandike jina lipi, la baba au la mume. Mlango wa ghala ukafunguka, Mashimba akatoka bila koti, mwembamba kuliko nilivyokuwa nimekubali kuona, akachukua chake mezani.

Tulikwenda nyuma ya zahanati kwenye upepo. Alisimama upande mmoja wa mti wa mwarobaini na mimi upande wa pili, tumepeana migongo kwa ajili ya heshima, tukakohoa. Changu kilitoka kabla ya chake.

"Kina nini?" akauliza. Aliniuliza mimi, si mbuzi.

Nikakiinua kwenye mwanga, nikaangalia, nikakifunika haraka.

"Sema, Mama Kija."

"Kina damu," nikamwambia, na akazunguka ule mti akaja upande wangu.